Gari Likizimika Njiani: Kuifuata Njia ya Umeme wa Pampu ya Petroli

(Maneno haya yalisomwa Mafinga, mbele ya wazee wa vijiji, waalimu na wenye magari. Tumeombwa tuyaandike ili na wale wasioweza kufika wayapate.)



Sisi si mafundi wa magari. Kazi yetu ni ukarani wa chama cha ushirika, kazi ya kalamu na daftari. Huenda mtu akauliza, Karani ana habari gani na umeme wa gari? Jibu letu ni hili: fedha iliyopotea kwa ajili ya gari ilipita katika daftari letu, nasi ndio tulioiandika kuwa ni hasara. Ndipo tulipoanza kuuliza, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Chama chetu kina gari moja la petroli, Toyota Hiace, ambalo huchukua viazi na mboga kwenda sokoni, na siku ya shida huchukua wagonjwa. Katika masika moja gari hilo lilishika tabia mbaya. Katika nchi ya tambarare ya Usangu lilikwenda vema, lakini lilipoanza kupanda kutoka Igurusi kwenda Inyala lilipungukiwa nguvu, likakohoa, likazimika. Likipumzika nusu saa, liliwaka tena. Tulilipeleka kwa fundi mmoja. Fundi yule hakupima kitu chochote, alisikiliza maneno yetu, akasema, "Pampu imekufa." Basi tukanunua pampu mpya kwa fedha iliyolingana na bei ya magunia sita ya viazi. Gari likaenda vizuri kwa siku kumi na nne, nasi tukamsifu fundi.

Siku ya kumi na tano, usiku, gari lilikuwa limemchukua mama mmoja mjamzito aliyekuwa katika uchungu, likimpeleka hospitali ya Mbeya. Pale pale mlimani likazimika. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mama yule alikaa kando ya njia karibu saa nzima, mpaka lori la mizigo lilipopita na dereva wake akamhurumia. Kwa rehema za Mungu alifika salama, na mtoto yu hai. Walakini tangu usiku ule hatukuweza tena kuyaona mambo ya gari kuwa ni ya mafundi peke yao.

Fundi wa pili alikuwa mzee, mtu wa maneno machache. Alitoa mita yake ya kupimia umeme, akapima mahali panne, akaandika hesabu juu ya kipande cha boksi, akasema, "Pampu yenu mpya haina kosa, na ile ya zamani nayo haikuwa na kosa. Anayekosa ni waya wa kurudi." Tulipomsihi atufundishe, alitufundisha, nasi leo twawaletea mafundisho yale pamoja na mengine tuliyoyasoma baadaye.

Kwanza yafaa tujue pampu ni kitu gani. Gari la Ford la namna iliyoitwa T, lililotengenezwa Marekani tangu 1908 hata 1927, halikuwa na pampu ya petroli kabisa. Petroli ilishuka yenyewe kutoka katika tenki kama maji yashukavyo mlimani. Kwa sababu hiyo madereva wake waliona afadhali kupanda milima mikali kinyumenyume, ili tenki liwe juu kuliko injini. Baadaye zikaja pampu zilizosukumwa na injini yenyewe, kisha pampu za umeme. Uingereza palikuwa na pampu ya umeme iliyoitwa SU, na dereva aliyeona imegoma aliigonga kidogo kwa spana, nayo ikaamka, kwa kuwa ncha zake za kupitishia umeme zilikuwa zimeungua. Katika magari mengi ya petroli ya siku hizi pampu hukaa ndani ya tenki, imezama katika petroli, na petroli ile ndiyo inayoipoza. Huisukuma petroli kwenda mbele kwa nguvu ya baa 3 hivi, yaani zaidi ya nguvu ya upepo uliomo katika tairi la gari dogo.

Sasa tuifuate njia ya umeme. Umeme hutoka katika betri, hupita katika fyuzi, hufika kwenye rilei, kisha hupita katika waya mrefu chini ya mazulia ya gari hata kufika tenki nyuma. Hapo huingia katika pampu na kuizungusha. Je, safari imekwisha? La, haijaisha. Umeme si kama maji ya mfereji yaishiayo shambani. Sharti urudi kwao. Basi hutoka katika pampu kwa waya wa pili, huingia katika chuma cha mwili wa gari, na kwa njia ya chuma kile hurudi kwenye betri upande wa hasi. Njia ya kwenda ikikatika, pampu hainguruma. Njia ya kurudi ikikatika, pampu hainguruma vile vile. Watu wengi hupima njia ya kwenda tu, wakaisahau ya kurudi.

Rilei nayo ni kitu gani? Wenzetu wa Usangu wenye mashamba ya mpunga wataelewa upesi. Mfereji mkubwa una lango, na lango lina mlinzi. Mwenye shamba hainui lango kwa mikono yake. Hutuma mtoto akamwambie mlinzi, na mlinzi hufungua. Katika rilei, umeme mdogo ndio mtoto aliyetumwa, na umeme mkubwa wa pampu ndio maji. Umeme mdogo huifanya sumaku iliyo ndani ya rilei ivute kibati, nacho kibati hufungua njia ya umeme mkubwa. Injini ikizimika, mtoto haji, na lango hufungwa. Neno hili mlishike, maana tutalirudia.

Gari likizimika, msianze na pampu. Anzeni na yaliyo rahisi, kwa taratibu hii.

Kwanza, hakikisheni kwamba petroli imo. Mshale wa kuonyesha mafuta nao waweza kusema uwongo.

Pili, mtu mmoja afungue ufunguo bila kuwasha injini, na mwingine asikilize karibu na tenki. Katika magari mengi pampu hunguruma kwa muda wa sekunde mbili hivi, kisha hunyamaza. Walakini katika Toyota nyingi za zamani hainguruma mpaka stata izunguke, kwa hiyo msiihukumu kabla ya kuzungusha stata.

Tatu, kama gari ni la Ford au Land Rover la petroli, tafuteni kama lina swichi ya usalama ikatayo umeme wa pampu gari likigongwa. Mtikisiko mkubwa wa njia mbovu waweza kuifyatua. Angalieni kwanza kwamba hapana petroli inayovuja, kisha bonyezeni kitufe chake.

Nne, tazameni fyuzi. Ikiwa imeungua, wekeni nyingine ya ampea zile zile zilizoandikwa. Ikiungua tena, chomoeni plagi ya pampu juu ya tenki na kujaribu mara ya tatu. Fyuzi ikiungua hali pampu imechomolewa, basi kuna waya uliochubuka unaogusa chuma. Isipoungua, shaka iwe juu ya pampu yenyewe, maana pampu iliyokwama huvuta umeme kupita kiasi.

Tano, badilisheni rilei na nyingine ya namna ile ile iliyomo garini, kama ya honi, ikiwa namba na miguu yake zafanana kabisa. Pampu ikiamka, mmeupata ugonjwa kwa bei ndogo.

Sita, katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna kisanduku kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Mkifungua ufunguo na kuunga tundu la +B na tundu la Fp kwa kipande cha waya, pampu yapasa kuzunguka bila injini kuwaka. Ikizunguka, basi pampu, waya wake mrefu na njia ya kurudi hazijakatika. Tafuteni kosa katika rilei au katika waya ziiamrishazo. Isipozunguka, endeleeni nyuma kwenye tenki. Someni maandishi ya matundu vizuri kabla ya kuunga, maana kukosea tundu kwaweza kuiharibu kompyuta ya injini.

Sasa twaja kwenye neno ambalo kwa ajili yake tumesimama hapa. Fundi wa kwanza, hata kama angalipima, huenda angalidanganyika, maana wengi huchomoa plagi ya pampu, hupima waya, huona volti 12 kamili, husema, "Umeme upo; basi pampu ndiyo mbovu." Hilo si sahihi. Waya wenye nyuzi ishirini, ukikatika nyuzi kumi na tisa, bado utaonyesha volti 12 katika mita, kwa sababu mita yataka umeme kidogo mno. Lakini pampu ya gari dogo huvuta ampea kama 4 hadi 8, na uzi mmoja hauwezi kuzichukua. Ni kama daraja la mti mmoja: mtoto avuka, ng'ombe havuki. Kwa hiyo sharti kupima pampu ikiwa imeungwa na inafanya kazi.

Fundi wetu mzee alifanya hivyo. Injini ikiunguruma polepole, alipima kwenye betri akapata volti 13.9. Akapima baina ya waya mbili za pampu akapata volti 9.6 tu. Akajiuliza, Zilizobaki zimekwenda wapi? Akaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya unaoingia katika pampu. Akapata volti 0.4. Kisha akaweka ncha moja kwenye waya unaotoka katika pampu na nyingine kwenye hasi ya betri. Akapata volti 3.9. Akajumlisha 9.6 na 0.4 na 3.9, akapata 13.9.

Sisi makarani tulipoiona hesabu ile tulifurahi sana, maana ndiyo hesabu ya daftari letu. Fedha iliyotoka ni sharti ilingane na fedha iliyotumika, na kama duka limepata pungufu, kuna mahali njiani ilipobaki. Volti nazo haziendi bure. Zote zaonekana mahali fulani katika njia. Upande mzuri hupoteza kidogo tu, nusu ya volti au pungufu. Upande unaopoteza volti karibu nne ndio wenye mwizi. Tena tazameni jinsi mwizi alivyo mdogo: kwa ampea 5, kikwazo kisichofika omu moja chatosha kula volti 3.9.

Tukafunua zulia la nyuma. Pale waya wa kurudi ulipofungwa kwa skrubu kwenye chuma, tuliona kutu ya kijani na matope yaliyokauka. Gari huoshwa kila juma, na maji yalikuwa yakiingia hapo. Ndipo tulipofahamu kwa nini pampu mpya ilifanya kazi siku kumi na nne: fundi wa kwanza alipokuwa akibadilisha pampu aliuvuta waya ule na kuutikisa, kutu ikakwanguka kidogo, kisha ikarudi. Tukafahamu pia kwa nini gari lilizimika mlimani na si katika tambarare. Mlimani injini yataka petroli nyingi, na pampu iliyo na njaa ya umeme haiwezi kuitosheleza. Kiungo kibovu nacho hupata moto, na kadiri kinavyopata moto ndivyo kinavyozidi kuzuia. Kikipoa, hupitisha tena kidogo.

Dawa yake ilikuwa hii. Alifungua kwanza waya wa hasi wa betri. Akakata sehemu ya waya iliyooza hata akafika kwenye shaba inayong'aa. Akaunga waya mpya wenye unene ule ule, akaulehemu na kuufunika vizuri. Akakwangua rangi na kutu katika chuma mpaka pakang'aa, akakaza skrubu mpya, akapaka grisi juu yake ili maji yasipate njia. Akapima tena, upande wa kurudi ukaonyesha volti 0.1. Kazi yote haikumaliza saa moja, na gharama yake haikufika bei ya debe moja la viazi.

Plagi ya juu ya tenki nayo mkiikuta imeyeyuka, badilisheni pande zote mbili, wala msibadilishe upande mmoja tu. Ulizeni pia kwa nini iliyeyuka. Mara nyingi chujio la petroli limeziba, pampu ikajitaabisha, ikavuta umeme mwingi. Na anayeendesha siku zote kwa petroli ya chini kabisa huinyima pampu yake ubaridi.

Sasa ile ahadi ya kulirudia neno la rilei. Kuna desturi mbaya njiani: pampu ikikataa, mtu huvuta waya kutoka kwenye betri au kwenye swichi ya ufunguo, huupeleka moja kwa moja kwenye pampu, akaiacha rilei. Wengine huweka msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Gari huwaka, na watu husema huyu ni fundi hodari. Lakini fikirini siku gari hilo litakapopinduka. Mpira wa petroli utapasuka, injini itazimika. Gari lenye rilei yake, mtoto haji, lango hufungwa, pampu hunyamaza. Gari lililoungwa moja kwa moja, pampu yaendelea kumwaga petroli juu ya injini yenye moto, na watu wamo ndani. Na mahali pa fyuzi palipo na msumari, waya ukigusa chuma hautakatika kitu ila waya wenyewe utawaka, nao umepita chini ya viti vya abiria.

Hatuhitaji kwenda mbali kujua petroli hufanya nini. Katika njia hii hii yetu itokayo Dar es Salaam kuja Iringa na Mbeya, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, Morogoro. Watu wakakusanyika kuteka petroli, ikashika moto, na zaidi ya watu 100 wakafa. Kwa hiyo anayefungua tenki ayafanye haya: akae mahali penye hewa nyingi, mbali na jiko na sigara na koroboi, afungue betri kwanza, awe na mchanga au kizimamoto karibu, wala asijaribu pampu kwa kuigusisha waya za betri karibu na mdomo wa tenki, maana cheche moja yatosha.

Wazee wetu, twamalizia kwa maombi matatu. La kwanza, kila kijiji au chama chenye gari kinunue mita moja ya umeme. Bei yake ni ndogo kuliko pampu, tena mwalimu wa sayansi aweza kuitumia kuwafundishia wanafunzi. La pili, liwepo daftari la gari, yaandikwe ndani yake tarehe, ugonjwa, volti zilizopimwa, na kitu kilichobadilishwa. Fundi wa leo akiondoka, wa kesho atasoma. La tatu, kabla ya kutoa fedha ya kitu kipya, mwenye gari amwulize fundi kwa adabu, "Bwana fundi, umepima nini, nawe umepata ngapi?" Fundi wa kweli hatakasirika kwa swali hilo, ataonyesha hesabu yake kwa furaha. Asiye na hesabu, apewe muda akapime.

Mama yule wa mlimani alikuja chamani miezi michache baadaye na mtoto wake mgongoni, kuuza maharage. Hakutulaumu neno. Aliuliza tu, "Je, gari letu limepona?" Tulifurahi kwamba tuliweza kumjibu, tena kwa kumwonyesha daftari, kwamba limepona.